Sentensi Moja, Mahakama Mbili: Falsafa ya Mwangaza katika Katiba za Kwanza za Majimbo ya Marekani

Mwishoni mwa Mei 1776, mjini Williamsburg, wajumbe waliokutana kuitungia Virginia serikali mpya walikwama kwenye kifungu cha kwanza kabisa cha Tamko la Haki. George Mason, aliyeandika rasimu, alieleza kwamba watu wote kwa asili yao wako huru na wanajitegemea kwa usawa, na kwamba wana haki za kuzaliwa nazo ambazo hakuna mkataba unaoweza kuwanyang'anya wao wala vizazi vyao. Robert Carter Nicholas akapinga. Alionya kwamba maneno hayo yakipita yalivyo, watumwa nao watayashika na nchi itachafuka. Mjadala ukavuta kwa siku kadhaa. Hatimaye kikapachikwa kipande kifupi: haki hizo ni za watu "wanapoingia katika hali ya jamii". Kwa hesabu ya wajumbe wale, mtumwa hakuwa ameingia katika jamii; alikuwa mali ya walioingia. Tamko likapitishwa tarehe 12 Juni.

Kipande hicho hakikutokana na kutosoma. Wazo kwamba binadamu huiacha hali ya asili, yaani maisha yasiyo na serikali yoyote, na kuingia katika jamii kwa makubaliano ndilo kiini cha falsafa ya John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza wa karne ya 17, na wajumbe wa Williamsburg walimsoma Locke vizuri. Walichukua nusu moja ya hoja yake, ile ya mkataba, wakaitumia kuifungia nje nusu ya pili, ile ya haki ya kila aliyezaliwa. Mason mwenyewe alimiliki watumwa wengi katika shamba lake la Gunston Hall.

Naanzia hapo kwa sababu habari za Zama za Mwangaza, vuguvugu la kifalsafa la Ulaya ya karne ya 18, na katiba za Marekani husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni orodha ya madeni: Locke aliwapa haki za asili, Montesquieu wa Ufaransa akawapa mgawanyo wa madaraka, Beccaria wa Italia akawafundisha kupunguza ukali wa adhabu, na Wamarekani wakaandika walichofundishwa. Kila dai katika orodha hiyo lina ukweli wake. Lakini ukizisoma katiba za majimbo zilizotungwa kati ya 1776 na 1784, kisha ukafuatilia ziliwafanyia nini watu walioishi chini yake, utaona kwamba fikra zile zile, na wakati mwingine sentensi karibu ile ile, zilimkomboa mtu mahali pamoja na kumwacha utumwani mahali pengine. Kwangu mimi suala zito ni nani aliyepewa nafasi ya kuyatumia maneno yale. Aliyeyatunga anakuja baadaye.

Kasi ya kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Tarehe 10 Mei 1776 Kongamano la Bara, mkutano wa wajumbe wa makoloni uliofanyika Philadelphia, liliyahimiza makoloni yaunde serikali zao, na siku tano baadaye likaongeza utangulizi ulioandikwa na John Adams, uliosema mamlaka yote ya Mfalme wa Uingereza yakomeshwe. New Hampshire na South Carolina zilikuwa zimekwisha kutangulia. Hadi Aprili 1777 majimbo kumi yalikuwa na katiba. Connecticut na Rhode Island zilibaki na hati zao za kikoloni baada ya kuondoa utii kwa Mfalme. Massachusetts, tutakavyoona, ilichelewa kwa sababu nzuri. Wala si kila kilichoandikwa kilitoka kwa wanafalsafa. Baraza la wazee wa mahakama (jury), yaani raia wanaoamua kesi, katazo la dhamana kubwa kupita kiasi na la adhabu za kikatili ni urithi wa Uingereza, na Mason aliyanakili baadhi karibu neno kwa neno kutoka sheria ya haki ya Bunge la Uingereza ya 1689.

Kuhusu Montesquieu sitakaa sana, kwa kuwa jina lake lilitajwa mno kuliko alivyofuatwa. Katiba ya Virginia iliagiza kwamba Bunge, Serikali na Mahakama viwe mihimili mitatu iliyotengana kabisa. Katiba hiyo hiyo ikalipa Bunge kazi ya kumchagua gavana kila mwaka, kuwachagua majaji, na kulichagua baraza ambalo gavana hawezi kufanya jambo bila ushauri wake. Thomas Jefferson, aliyekuwa gavana chini ya utaratibu huo, aliandika baadaye kwamba madikteta 173 watakandamiza sawa na mmoja. Alikuwa anahesabu wabunge. Mwaka 1788 James Madison alizipitia katiba za majimbo moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba hakuna hata moja iliyoitenga mihimili kikamilifu, hata zile zilizoapa kufanya hivyo kwa maneno makali. Walikuwa wametoka kupambana na magavana wa Mfalme, wakamwogopa gavana kuliko walivyoliogopa Bunge. Hofu ya jana iliongoza kalamu kuliko kitabu cha Mfaransa.

Pennsylvania ni habari nyingine, na hapa nataka tukae kidogo. Katiba yake ya 28 Septemba 1776, iliyopitishwa na mkutano ulioongozwa na Benjamin Franklin, ndiyo iliyothubutu kuliko zote za mwaka ule. Bunge lilikuwa moja, bila baraza la juu la matajiri. Hakukuwa na gavana. Kulikuwa na baraza la utendaji la watu 12. Kura ilitolewa kwa kila mwanamume huru wa miaka 21 aliyekaa jimboni mwaka mmoja na kulipa kodi, wakati katika majimbo mengi ilibidi uwe na ardhi au mali nyingine. Milango ya ukumbi wa Bunge ilitakiwa kuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye mwenendo wa heshima. Kila muswada unaohusu umma ulipaswa kuchapishwa ili wananchi wausome kabla ya kujadiliwa mara ya mwisho, na isipokuwa kwa dharura, usipitishwe kuwa sheria hadi kikao kijacho. Hebu fikiria maana yake: kati ya kuandikwa kwa sheria na kupitishwa kwake, uchaguzi wa mwaka unapita katikati. Mwananchi anausoma muswada, kisha anaamua kama mbunge wake arudi.

Kifungu cha 38 cha katiba hiyo kiliagiza Bunge lizirekebishe sheria za jinai, adhabu ziwe na umwagaji damu mdogo zaidi na zilingane na uzito wa makosa. Hiyo ndiyo hoja ya Cesare Beccaria wa Milano, aliyeitoa mwaka 1764 na kusomwa sana huku na huku ya Atlantiki. Mdaiwa aliyekabidhi mali yake yote kwa wanaomdai asiendelee kukaa gerezani, pasipokuwa na dalili kubwa ya udanganyifu. Kila wilaya iwe na shule, na walimu walipwe na umma ili karo iwe nafuu. Na kila baada ya miaka saba wananchi wachague Baraza la Wakaguzi, kazi yake iwe kuchunguza kama Katiba imelindwa na kama kodi zimetozwa kwa haki. Ninapousoma mpango huu naona watu walioamini kwa moyo wote kwamba binadamu wa kawaida, akipewa taarifa na muda, anaweza kujitawala.

Lakini katiba hiyo hiyo ilimtaka kila mbunge ale kiapo kwamba anaamini Agano la Kale na Agano Jipya vyote vimevuviwa na Mungu. Mwishoni mwa 1783, sinagogi la Philadelphia lilipeleka malalamiko kwa Baraza la Wakaguzi. Wazee wake, Gershom Seixas na Haym Salomon miongoni mwao, walieleza kwamba kiapo kinawafungia nje Wayahudi walioipigania na kuigharamia vita ile ile ya uhuru. Hoja yao ilitumia Tamko la Haki la Pennsylvania lenyewe, linalosema mtu anayemkiri Mungu asinyimwe haki yoyote ya kiraia kwa ajili ya imani yake. Hawakuhitaji kumleta mwanafalsafa yeyote. Waliisoma Katiba na kuionyesha inavyojipinga. Baraza halikuwasaidia. Sharti la Agano Jipya lilikuja kuondoka katika katiba ya 1790, ambayo pia ilirudisha gavana na baraza la juu, na kulifuta Baraza la Wakaguzi lenyewe.

Sasa Massachusetts. Locke anasema serikali halali husimama juu ya ridhaa ya wanaotawaliwa. Ridhaa hiyo ikusanywe vipi, kwa nani, mbele ya nani, hasemi. Katiba zote za 1776 na 1777 zilitungwa na mabaraza yaliyokuwa yakiendesha serikali na vita kwa wakati mmoja, au na mikutano iliyozitangaza yenyewe, bila wananchi kupiga kura ya kuzikubali. Bunge la Massachusetts lilipoomba idhini ya kufanya vivyo hivyo, mkutano wa mji mdogo wa Concord ulikataa mnamo Oktoba 1776. Wakulima wale walisema katiba ni kinga ya raia dhidi ya watawala. Chombo kinachotunga katiba kina uwezo wa kuibadili, kwa hiyo Bunge likiitunga lenyewe raia hawana kinga yoyote dhidi ya Bunge. Wakataka mkutano maalumu wa kazi hiyo pekee. Msomaji wa Tanzania aliyelifuatilia Bunge Maalumu la Katiba la 2014, ambamo wabunge na wawakilishi waliokuwa madarakani walikaa pamoja na wajumbe 201 walioteuliwa na Rais, anajua hoja ya Concord haijazeeka.

Bunge la Massachusetts halikusikia. Likaandika rasimu, likaipeleka kwa wananchi 1778, nao wakaikataa kwa kura nyingi mno. Miji mingi ililalamika kwamba haina tamko la haki. Mingine ilikasirishwa na kifungu kilichowanyima kura watu weusi, Wahindi Wekundu na machotara. Safari ya pili mambo yakafanywa kama Concord ilivyotaka. Wanaume huru wote wa miaka 21, wenye mali na wasio nayo, waliwachagua wajumbe wa mkutano maalumu. Adams akaandika sehemu kubwa ya rasimu. Kisha ikarudishwa kwenye mikutano ya miji, ikasomwa kifungu kwa kifungu, watu wakapiga kura na kuandika maoni yao. Wanahistoria walioipitia hesabu ya mwisho wanatilia shaka kama kweli kila kifungu kilipata theluthi mbili iliyotakiwa. Hata hivyo, hapakuwa na mahali duniani ambapo nchi ilikuwa imeulizwa hivyo. Mkataba wa jamii, ambao kwa wanafalsafa ulikuwa hadithi ya kueleza chimbuko la serikali, ulikuwa sasa kikao chenye katibu, kura na kumbukumbu. Inaniuma kusema kwamba katiba waliyoipitisha iliweka sharti la mali ya pauni 60 kwa mpiga kura, maana yake maskini aliyeulizwa kuhusu Katiba mwaka 1780 hakuulizwa tena kuhusu mbunge.

Kifungu chake cha kwanza kinasema watu wote huzaliwa huru na sawa. Wasomaji wetu wanaijua sauti hiyo kupitia Tamko la Umoja wa Mataifa la 1948 na Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Massachusetts hawakuweka kipande cha Williamsburg. Na walikuwapo waliokuwa wakiingoja sentensi kama hiyo. Januari 1777 Prince Hall na weusi wenzake walikuwa wamepeleka ombi bungeni wakidai uhuru ambao Mungu amewapa wanadamu wote kwa usawa, na ambao wao hawakuwahi kuukabidhi kwa mkataba au makubaliano yoyote. Itazame hoja hiyo kwa makini. Virginia ilisema mtumwa hayumo kwenye mkataba, kwa hiyo hana haki. Hall alijibu kutoka upande wa pili: hatumo kwenye mkataba, kwa hiyo hakuna tulichokikabidhi. Ndiye aliyemsoma Locke sawasawa.

Katika mji wa Sheffield, magharibi ya jimbo, aliishi mtumwa mwanamke aliyeitwa Bett, katika nyumba ya Kanali John Ashley. Ni katika nyumba hiyo, Januari 1773, ambapo waungwana wa mji, wakiwa na wakili kijana Theodore Sedgwick, walikuwa wameandika azimio kwamba wanadamu katika hali ya asili ni sawa, huru na wanajitegemea. Bett hakujua kusoma. Masimulizi yaliyohifadhiwa na familia ya Sedgwick yanasema mke wa Ashley aliinua beleshi la moto la jikoni ili ampige msichana mwingine, Bett akaingiza mkono wake, akaungua, na kovu halikuondoka. Yanasema pia kwamba alisikia habari za watu kuzaliwa huru na sawa, akaenda kwa Sedgwick kuuliza kama sheria hiyo haimhusu yeye. Agosti 1781, katika mahakama ya Great Barrington, baraza la wazee liliamua kwamba yeye na mwenzake Brom hawakuwa watumwa wa Ashley, na Ashley awalipe shilingi 30. Akajiita Elizabeth Freeman. Miaka miwili baadaye, katika kesi iliyotokana na kupigwa kwa Quock Walker, mweusi aliyedaiwa kuwa mtumwa, Jaji Mkuu William Cushing aliliambia baraza la wazee kwamba utumwa haupatani na Katiba yao. Hakuna sheria iliyotungwa kuufuta. Sensa ya 1790 haikuhesabu mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Nitaambiwa kwamba Massachusetts watumwa walikuwa wachache na uchumi haukuwategemea, ilhali Virginia sensa hiyo hiyo ilihesabu watumwa zaidi ya 290,000, karibu watu wanne katika kila kumi. Ni kweli, na yeyote anayezungumzia fikra bila kuitaja tumbaku anadanganya. Lakini uchumi hautoshi kueleza yote. New York nayo ilikuwa jimbo la kaskazini. Katiba yake ya 1777 ilinakili ndani yake Tangazo zima la Uhuru, ila haikuwa na tamko lake la haki ambalo mtumwa angeweza kulipeleka mahakamani. Mjumbe mmoja, Gouverneur Morris, alijaribu kuingiza angalau pendekezo la kuukomesha utumwa baadaye, likashindikana. Huko watu walisubiri sheria ya 1799 ya kuufuta utumwa pole pole, na utumwa haukuisha hadi 1827.

Na Virginia? Mwaka 1806 kesi ya Hudgins na Wright ilifika Richmond. Jackey Wright na watoto wake walidai uhuru. Jaji wa kwanza kuisikiliza, George Wythe, aliyemfundisha Jefferson sheria na kulitia sahihi Tangazo la Uhuru, aliwapa uhuru wao, na moja ya sababu zake ilikuwa kifungu cha kwanza cha Tamko la Mason: uhuru ni haki ya kila binadamu, na anayedai mwenzake ni mtumwa ndiye athibitishe. Kesi ikakatiwa rufaa. St. George Tucker, mmoja wa majaji wa juu, alikuwa ameandika miaka kumi kabla kitabu cha kutaka utumwa ufutwe pole pole Virginia, na mbele ya kitabu hicho aliweka maneno ya Montesquieu dhidi ya utumwa. Hakuna jaji aliyekuwa ameivaa falsafa ya Mwangaza kuliko yeye. Mahakama ya rufaa iliiacha familia ya Wright huru kwa sababu walionekana kuwa wa asili ya Wahindi Wekundu. Kuhusu sababu ya Wythe, Tucker alisema hapana: kifungu kile kiliandikwa kwa tahadhari kuhusu suala hili hili, kinawahusu raia huru na wageni tu, na hakikukusudiwa kuiondoa haki ya mali kwa mlango wa nyuma. Tucker aliuchukia utumwa, alizisoma hoja zote za kuupinga, na akaifunga njia ambayo Wythe alikuwa ameifungua kwa mamia ya maelfu ya watu. Ndiyo maana siamini tena tunapoambiwa kwamba elimu ya haki, ikienea vya kutosha miongoni mwa wenye madaraka, itazaa haki yenyewe.

Yaliyotokea New Jersey yanaonyesha upande mwingine wa jambo hili. Katiba yake ya Julai 1776 iliandikwa kwa haraka, jeshi la Uingereza likiwa karibu, wala haina falsafa ndefu. Ilisema tu kwamba wakazi wote wa umri kamili wenye mali ya pauni 50 watapiga kura. Wajane na wanawake wasioolewa waliokuwa na mali hiyo wakapiga kura, na weusi huru pia; aliyeolewa hakuweza, kwa kuwa mali yake kisheria ilihesabiwa ya mumewe. Sheria za uchaguzi za miaka ya 1790 zikamtaja mpiga kura wa kike waziwazi. Hakuna mwanafalsafa maarufu wa Ulaya anayeweza kudai sifa hiyo. Kisha, mwaka 1807, baada ya uchaguzi uliojaa udanganyifu katika wilaya ya Essex, Bunge lilipitisha sheria ya kawaida iliyompa kura kila mwanamume mweupe mlipa kodi, hata asiye na pauni 50, na kuwaondoa wanawake na weusi wote. Katiba haikuguswa, na hakukuwa na mkutano maalumu wala kura ya wananchi. Kwa miaka 37 iliyofuata iliendelea kusema "wakazi wote", hadi 1844 ilipoandikwa mpya iliyotaja wazi kwamba mpiga kura ni raia mwanamume, mweupe.